Jina la Tisa

Ambondrona, Jumapili 10 Desemba 2017

Mvua imeanza kwa kishindo. Hoteli mbili zimeniletea mito ya viti vya barazani, yote imeota ukungu. Kila mwaka nawaambia waingize viti ndani ikifika Novemba, kila mwaka wananiitikia vizuri, na kila mwaka mito inarudi. Sina ugomvi nao. Ukungu ndio unaonilisha.

Daftari hili nililinunua kwa vipimo vya wateja, lakini karatasi zake ni nzuri mno kwa kazi hiyo. Basi nitaandika humu mpaka jua litakaporudi. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichosomea Unguja, kabla sisi Wangazija hatujaanza kuondoka kule mmoja mmoja, na kwa kuwa humu ndani hakuna mwingine anayekisoma. Nyumbani tunasema Kingazija na Kimalagasi, vimechanganyika hata hatujui kimoja kinaishia wapi. Maneno ya mke wangu nitayageuza mwenyewe. Akitaka kulalamika, atalalamikia asichoweza kukisoma.

Mimi ni Athoumani, fundi wa magodoro na mito, miaka sitini na tisa. Mke wangu Roukia ana sitini na mitano. Nimemzidi minne na sijaacha kumkumbusha, hasa tunapobishana. "Mheshimu mkubwa wako," humwambia. Hujibu, "Ndiyo, babu," kisha hufanya lile alilolitaka tangu mwanzo.

Jumamosi tunakwenda Mahajanga kusoma hitima ya kila mwaka.

Jumamosi 16 Desemba

Mashua kutoka kisiwani kwetu hadi Ankify, bara, kisha barabara. Matope matupu.

Jumapili 17 Desemba

Bado barabarani. Roukia amenilalia begani tangu Antsohihy na mkono wangu umekufa ganzi. Sikuuondoa.

Mangarivotra, Jumanne 19 Desemba

Tumefika Mahajanga, tumefikia kwa Kouraichia, binamu yake Roukia kwa upande wa baba. Bibi huyu ana miaka sabini na mitatu, magoti yamemwisha, na bado kila Roukia akiingia chumbani yeye husimama kumpisha kiti na kumwita dada. Nimemwambia, "Kouraichia, unamdekeza. Huyo ni mdogo wako." Akanitazama kidogo, akasema, "Wewe pima mito yako, fundi."

Mariama alikuja kula nasi. Ni mwana wetu wa pekee, ana miaka thelathini na sita, na anafanya kazi ya picha katika kliniki moja ya binafsi hapa mjini. Yeye ndiye anayewalaza watu kwenye skana, ile mashine inayopiga picha ndani ya mwili. Mama yake alitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi wa pweza. Tukala, tukanywa maji mengi, tukacheka.

Jumatano 20 Desemba

Sina raha. Niandike mambo yalivyokwenda.

Tarehe hii nyumba ya Kouraichia hukusanyika kuwasomea marehemu wa Desemba ya 1976, ile ya machafuko, Wangazija walipouawa hapa mjini na nyumba zao kuchomwa, pamoja na wale waliokufa baadaye huko walikokimbilia. Nyumba zilipoungua, karatasi ziliungua nazo. Majina yakabaki kichwani mwa mke wangu. Wanawake hukaa chumbani, wanaume barazani, pazia katikati, naye huyataja majina ishirini na matatu, moja baada ya jingine, na kila jina watu huliombea rehema. Hashiki karatasi. Nimeyasikia kwa miaka thelathini na minane, tangu mwaka tuliooana, na naujua mpangilio wake kama ninavyozijua ngazi za nyumba yangu gizani. La kwanza ni la baba yake, Hamada. La nane ni la mama yake. La tisa ni la dada yake mkubwa, Sittina, aliyefia Moroni, Ngazija, mwezi mmoja baada ya kukimbia.

Leo alipofika la tisa akasema, "Roukia binti Hamada, Mungu amrehemu."

Alijitaja mwenyewe, mzima, amekaa pale na udi ukifuka mbele yake. Hakusita wala hakujirekebisha. Mwanamke mmoja aliitikia amina kwa mazoea, mwingine akaguna. Akaendelea na la kumi, la kumi na moja, hadi mwisho, sauti ileile. Sittina hakutajwa kabisa.

Barazani wanaume walinitazama, mimi nikaangalia viatu.

Alhamisi 21 Desemba

Mariama alinivuta jikoni. "Baba, Mama amejisoma katika wafu. Jumanne alitia chumvi mara mbili. Jana ameniuliza siku mara mbili. Wewe huyaoni?"

Nikamwambia mimi mwenyewe siijui siku hadi nione watu wanakwenda msikitini Ijumaa. Hakucheka. Alinieleza kuwa ugonjwa wa kusahau huanza kichwani miaka mingi kabla watu hawajaugundua, na kwamba siku hizi picha inaweza kuuonyesha mapema. Iko sehemu ndani ya ubongo, usawa wa masikio, moja kila upande, unene wa kidole cha mwisho, inayopokea mambo mapya na kuyahifadhi. Ugonjwa ukianza, sehemu hiyo husinyaa mapema kuliko nyingine.

"Na ikionekana imesinyaa?"

"Nitamchukua akae na mimi hapa. Kule Ambondrona hakuna daktari wa jambo hili. Na hawezi tena kupika peke yake, Baba. Wala kusoma majina."

Alilia, mwanangu, huku ameshika mwiko. Roukia alipoelezwa alikubali upesi, kwa sharti kuwa Mariama mwenyewe ampige picha. "Nilimbeba tumboni," alisema. "Na yeye anitie tumboni mwa mashine yake."

Jumanne 26 Desemba

Kliniki. Dokta Chaher ni kijana mpole mwenye miwani, anasema Kimalagasi cha huku na Kifaransa. Kwanza maswali. Alimpa mke wangu maneno matano ayashike, akamzungumzisha mambo mengine, kisha akayataka. Roukia aliyataja yote, halafu akayarudia kuanzia mwisho kwenda mwanzo, kwa kiburi. Akachora saa. Akahesabu kurudi nyuma. Nilikaa pembeni nimevimba kama ni mimi niliyefaulu.

Kisha dokta akauliza, kama anayemalizia tu, "Ulizaliwa mwaka gani, mama?"

Mvua ilisikika juu ya bati. "Elfu moja mia tisa," akasema, akasita. "Hamsini na mbili."

Dokta akaandika kitu. Nilitamani kumpokonya kalamu.

Kwenye skana ilibidi avue hereni, vibanio, na kipini cha puani ambacho hakijatoka tangu tuoane. Mariama alikitoa kwa sabuni, taratibu, wote wawili wakicheka na kupiga chafya. Kitanda kikaingia ndani ya ile pete kubwa. Picha ya kwanza iliharibika kwa sababu Roukia alikuwa anasoma Ayatul Kursi na kidevu kilikuwa kinatikisika. "Mama, soma kimoyomoyo!" Mariama alimwambia kwenye kipaza sauti. Akatulia.

Mariama alinionyesha kwenye kompyuta. Kichwa cha mke wangu kimekatwa vipande vyembamba kama mkate, cheupe, kijivu na cheusi. Mifupa ndiyo myeupe. Kijivu ndiyo akili zake zote, pamoja na mimi nilivyomkasirisha tangu 1979. Kati ya kijivu na mfupa palikuwa na ukanda mweusi.

"Hapa pako wazi," nikasema. "Ni kama mto, sufi ya ndani imeshuka, kitambaa kimebaki kikubwa."

"Kwa kila mtu hushuka kidogo, Baba. Swali ni kama imeshuka kuliko umri wake. Picha tunaituma Antananarivo. Kuna mtaalamu mwenye programu inayopima ile sehemu na kuilinganisha na watu wa umri uleule." Akaandika tarehe ya kuzaliwa ya mama yake kutoka kwenye kitambulisho, akabonyeza.

Hilo nililielewa vizuri. Mteja akileta mto uliobonyea, swali langu la kwanza ni una miaka mingapi. Mto wa miaka kumi uliobonyea ni mto tu. Wa mwaka mmoja, mtu kamwibia sufi.

Majibu baada ya wiki tatu, nne.

Ambondrona, Jumanne 2 Januari 2018

Tumerudi. Paa la karakana linavuja mahali papya.

Alhamisi 4 Januari

Baada ya alasiri nilimwomba Roukia anitajie majina, nikasema nataka nami niwaombee. Akanitazama kwa makini. Akayataja. Nimeyaandika. Ishirini na matatu, na la tisa ni Roukia.

Sikumsahihisha. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta sindano.

Jumapili 7 Januari

Mvua.

Jumatatu 8 Januari

Mvua. Nimemkuta kasimama mlangoni anatazama maji, muda mrefu. Zamani ningesema anatazama maji. Sasa sijui ninaona nini.

Alhamisi 11 Januari

Nimemwomba tena. Ishirini na matatu. La tisa, Roukia.

Jumatano 17 Januari

Tumegombana. Nilificha viberiti. Kisha nimekuwa nikimfuata kisimani, na vijiko nimevihesabu mara mbili. Asubuhi alitaka kuwasha moto akatafuta viberiti kila mahali, mimi nikajitia hamnazo hadi akavikuta ndani ya cherehani yangu.

"Baba Mariama, umefanya nini?"

Nikababaika. Akavishika mkononi, sauti yake ikashuka, na akishusha sauti ndipo mambo huwa mabaya. "Unanitazama kama maziwa yaliyo motoni. Ukiniona nimesimama, unakuja. Nikikaa kimya, unaniuliza tarehe. Nimechoka kuulizwa tarehe! Leo ni kumi na saba, Jumatano, na wewe ni mjinga."

Ni kweli ilikuwa kumi na saba, Jumatano.

Kinachonitesa nitakiandika hapa kwa kuwa hataweza kukisoma. Siogopi kifo chake, wala changu. Naogopa siku atakayoingia chumbani anisalimie kwa adabu kama mgeni. Nani atanikumbuka mimi nilivyokuwa kijana, kama si yeye?

Alhamisi 18 Januari

Bado kanuna, lakini nilipomwomba majina alikubali. Alikaa mbele yangu, akasubiri nishike kalamu, akayataja polepole kuliko siku zote. La tisa alilitaja huku ananitazama machoni. Roukia binti Hamada.

Nikaandika.

Alhamisi 25 Januari

Mariama amepiga simu. Barabara imekatika mara mbili na umeme wao ulizimika siku nne, lakini majibu yamefika. Alinisomea kwa Kifaransa, kisha akanieleza, na sauti yake ilikuwa ya kazini, kavu, ndipo nikajua ni mabaya.

Ile sehemu imesinyaa, pande zote mbili, kupita kiasi kwa mwanamke wa miaka sitini na mitano. Inashukiwa kuwa ni mwanzo wa ugonjwa. Dokta Chaher anashangaa kwa sababu Roukia alijibu maswali vizuri, ila anasema watu waliozoea kuhifadhi mambo kichwani wanaweza kuuficha ugonjwa kwa muda, hadi siku wanaposhindwa ghafla.

"Nakuja kumchukua, Baba. Wiki ijayo. Usimwambie bado."

Roukia alikuwa anachagua mchele. "Mwanangu anasemaje?"

"Anakusalimia."

"Na picha yangu?"

Nikasema barabara imekatika. Ni uongo wangu wa kwanza kwake tangu nimwambie sivuti tena sigara. Akaendelea kuchagua mchele.

Jumamosi 3 Februari

Mariama amefika, kaloa hadi mifupani. Amemwambia mama yake mwenyewe, akiwa kampigia magoti, kamshika mikono. Alisema kila kitu vizuri, bila kumtisha.

Roukia alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa mwanamke wa miaka sitini na mitano," alirudia.

"Ndiyo, Mama."

"Na angekuwa mkubwa zaidi?"

"Angekuwa mkubwa zaidi ingekuwa jambo jingine. Lakini sivyo ulivyo."

Roukia akajifunga kanga yake upya. Baadaye nilimsikia anamwambia Mariama yuko tayari kwenda, ampange nguo zake. Hakubishana hata kidogo. Sijawahi kumwona mke wangu habishani.

Jumatatu 5 Februari

Nimekaa na kalamu hii tangu adhuhuri na sijui nianzie wapi.

Asubuhi Mariama alikuwa anapanga nguo. Nikaziona kanga za mke wangu zinaingia kwenye sanduku moja baada ya nyingine, kila moja naijua siku niliyoinunua. Kikanipanda kitu. Nikaleta daftari hili, nikalifungua mbele ya mwanangu.

"Hebu tazama. Tarehe nne, tarehe kumi na moja, tarehe kumi na nane. Majina ishirini na matatu, mpangilio mmoja, hakuna lililoruka. Kila mara kakosea mahali pamoja, kwa jina lilelile. Mimi nimeishi na wazee wanaosahau. Leo hukosea hapa, kesho pale. Mtu gani anayesahau kwa utaratibu namna hii?"

Mariama akatazama kurasa. Kiswahili hakijui, majina anayajua.

Nikamgeukia mke wangu. "Mama Mariama, Roukia ni nani?"

Akafunika uso kwa kanga, nikadhani analia. Alikuwa anavuta pumzi. "Alhamisi tatu," akasema. "Alhamisi tatu nimekupa, na hukuuliza. Uliandika tu!"

Kisha akasema. Roukia alikuwa mdogo wake, aliyezaliwa 1952. Yeye ni Sittina, wa 1941. Nyumba ilipoungua, karatasi za Sittina ziliungua. Cheti cha Roukia kilipona kwa kuwa msichana alikishonea ndani ya gauni lake kabla hawajakimbia. Walipopelekwa Moroni alipata homa, hakumaliza mwezi. Mama yao alilivua lile gauni kwenye maiti ya mwanawe, akamvisha mkubwa. "Wewe utarudi," alimwambia. "Baba yako hana mtu wa kumwangalia kaburi." Bila karatasi ya kuonyesha kuwa umezaliwa Mahajanga, hakukuwa na kurudi. Kwa hiyo Sittina akazikwa kwa jina, na Roukia akapanda meli. Waliowajua ndugu hao wawili walitawanyika. Alibaki Kouraichia, na Soudjay, mdogo wa Hamada, na wote wawili waliapa kutosema.

Kouraichia! Magoti yale, na bado anasimama kumpisha dada yake mkubwa.

"Miaka yote hiyo," alisema, "kila Desemba nimekaa mbele ya watu nikajiombea rehema mwenyewe. Sittina binti Hamada, Mungu amrehemu, na wote mnaitikia amina. Mdogo wangu hana aliyemwombea kwa sauti hata siku moja. Desemba hii ulimi ulikataa. Jina lake lilinitoka tu, wallahi. Lakini lilipotoka nikaona raha, na ulipokuja na daftari lako nikasema nitamtaja, nitamtaja, hadi huyu mwanamume aulize."

Mariama alikuwa kakaa chini kwenye zile nguo. "Mama. Una miaka sabini na sita."

"Sabini na saba mwezi ujao."

"Kwa nini hukusema nilipokusomea majibu? Ungekubali tukuite mgonjwa? Tukutoe nyumbani kwako?"

Hapo ndipo alipolia kweli. Alinielekea mimi. "Nikah yetu ilisomwa kwa jina la maiti. Kama nimekaa na wewe bila ndoa miaka yote hii, na kumzaa huyu bila ndoa, nilitaka nife bila kujua. Afadhali niitwe mgonjwa."

Nilitoka nikasimama kwenye mvua kama mwendawazimu.

Jumanne 6 Februari

Nimeshona mito sita.

Jumatano 7 Februari

Mito minne. Nina hasira. Si kwa ajili ya ule umri. Nilipokuwa naposa nilimwona mwanamke ninayemtaka, sikuomba cheti. Nina hasira kwa kila mara niliyomwambia amheshimu mkubwa wake, naye akasema ndiyo, babu. Ananizidi miaka saba! Alikuwa anakificha kicheko mbele ya macho yangu.

Na tulihuzunika sana, sisi wawili, kwa nini Mariama hakupata mdogo. Tukasema ni majaliwa. Yeye alijua alikuwa na arobaini, akahuzunika peke yake upande ule nisioujua. Nikifika hapo hasira inaniishia na inanibidi nianze upya.

Ijumaa 9 Februari

Nilikwenda mjini Hell-Ville, nikasali, nikamngoja khatibu Mroivili watu watoke. Nikamwambia nina rafiki yangu mmoja, alioa mwanamke kwa jina ambalo si lake.

"Huyo rafiki yako," khatibu akasema, "ile mito ya msikiti ameshaimaliza?"

Nikaona haya, nikamweleza yote. Hakushtuka. Akaniuliza nani alioza, na alitamka nini hasa. Nikafumba macho nikarudi siku ile. Mzee Soudjay amenishika mkono, anasema, "Nakuoza mtoto wa ndugu yangu Hamada, huyu aliye nyuma ya pazia hili." Nilikumbuka vizuri kwa sababu vijana wenzangu walinitania baadaye, kwamba mzee amezeeka hata jina la bibi harusi amelisahau.

"Nyuma ya pazia walikuwa wangapi?"

"Mmoja."

"Na ni huyohuyo uliye naye?"

"Huyohuyo. Hajapungua hata ulimi."

Khatibu akacheka. "Jina liko kwenye karatasi ya serikali. Aliyeozwa ni yule aliyeonyeshwa, naye alijulikana. Ndoa yako nzima, Athoumani. Mzee yule hakusahau kitu."

Nimerudi na mvua yote, sikuihisi. Roukia, Sittina, alikuwa kakaa juu ya lile sanduku lililofungwa. Nilimwambia maneno ya khatibu. Alinifanya niyarudie mara tatu. Kisha akauliza, "Umekula?" Nikajua tumepatana.

"Sijala, dada," nikamjibu, na nikainuka nimpishe kiti. Alinipiga na ungo.

Mahajanga, Jumanne 20 Februari

Tulikwenda sote watatu. Dokta Chaher alitusikiliza kalamu ikiwa mezani. Mariama akaogopa atataka karatasi. Dokta akasema karatasi za kitambulisho hazimhusu, yeye ni daktari, atauandika umri wa mgonjwa kama mgonjwa alivyoueleza. Mariama akaifungua picha ileile ya Desemba, akafuta hamsini na mbili, akaandika arobaini na moja. Ikatumwa.

Alhamisi 22 Februari

Majibu yamekuja kwa siku mbili safari hii. Ile sehemu, kwa mwanamke wa miaka sabini na sita, iko ndani ya kiasi cha wenzake. Mariama alimkumbatia mama yake hadi kipini kikamchoma shavu.

Nikamwambia dokta, basi mashine ilikosea. Akatikisa kichwa. "Picha haikukosea, mzee. Sisi tulikuwa tunaipima na watu wasio wenzake." Akaongeza kuwa hatuahidi kitu. Wa umri huo hana budi kuangaliwa, picha hii iwe ya kuanzia, mwakani waipige nyingine walinganishe Sittina na Sittina. Nilimpenda kwa kutotudanganya.

Sanduku la nguo linarudi Ambondrona. Viberiti pia nimekabidhi.

Mangarivotra, Ijumaa 23 Februari

Tumesoma hitima ya Roukia, miaka arobaini na moja baada ya kufa. Kouraichia aliwaita wanawake walewale wa Desemba, akawaeleza mwenyewe, amekaa, kwa mara ya kwanza, maana dada yake alimkataza kusimama. Majina ishirini na matatu. La tisa mke wangu alilisema kwa sauti, Roukia binti Hamada, na nilisikia chumba kizima kinaitikia, na sisi wa barazani tukaitikia, na mimi nilimlilia shemeji ambaye sikumwona hata siku moja na ambaye jina lake nimelipenda maisha yangu yote.

Ambondrona, Jumatano 14 Machi

Ameunguza wali. Nilimtazama. Akasema, "Na wewe ulipounguza kitambaa kwa pasi, nilikupeleka kwenye skana?" Tukaula.

Jumapili 8 Aprili

Jua. Magodoro yote yako nje na harufu ya sufi kavu imejaa uani. Kurasa zimebaki mbili, nazo nitaziacha kwa vipimo.

Bado tunajifunza. Majirani wanamwita kama walivyozoea. Mimi nimeamua kumwita jina lake tukiwa nyumbani, na linaniponyoka mara kwa mara. Leo nikiwa uani nilimwita, "Sittina!" Kimya. Nikaita tena, kimya. Mara ya tatu nikapaza sauti, nikatupa kipimo changu, nikaingia ndani nikijigonga mlangoni.

Alikuwa kakaa dirishani, mikono magotini, hafanyi kitu.

"Hukunisikia?"

"Nilikusikia."

"Mara tatu nimekuita! Mbona huitiki?"

"Nilikuwa nasikiliza," akasema. "Tangu mama yangu afe hakuna aliyeniita hivyo toka uani. Rudi nje, uite tena."

Nikarudi nje, kati ya magodoro, nikaita hadi jirani akachungulia juu ya ua.